Msaada wa Masomo ni Haki ya Kila Mtoto

Leo tunazungumza na wazazi wenye watoto katika shule za kimataifa, iwe Dar es Salaam, Nairobi au kwingineko.

Darasa moja huweza kuwa na mtoto anayeanza kujifunza Kiingereza, mwingine mwenye usikivu hafifu, na mwingine mwerevu ambaye herufi humchanganya. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ibara ya 24, unataka wenye ulemavu wasome pamoja na wenzao na wapate msaada unaowafaa, kwa mfano muda wa ziada wa mtihani, maandishi makubwa, au mwalimu msaidizi. Naye mgeni wa Kiingereza asidhaniwe mzito wa kuelewa. Apimwe pia kwa lugha anayoijua.

Mzazi, kabla ya kulipa ada, uliza: nani anasimamia msaada wa masomo shuleni? Unalipiwa zaidi? Mpango wa msaada kwa mtoto umeandikwa, na hupitiwa lini? Nyumbani, endelea kuzungumza naye lugha yenu. Haimzuii kujua Kiingereza. Ukiona anahangaika na masomo, usimwite mvivu. Nenda shuleni mapema ukaonane na mwalimu wake.