Mkimbiaji Mpya, Linda Kucha Zako

Msikilizaji, kila mwaka mbio za Kilimanjaro Marathon huwapandisha wakimbiaji kutoka mjini Moshi kuelekea Mweka, kisha huwateremsha. Kwenye mteremko ndipo kucha huumia. Mguu uliovimba kwa joto na mwendo huteleza mbele. Vidole hugonga ncha ya kiatu, hatua baada ya hatua. Damu huvilia chini ya ukucha, nao hugeuka mweusi.

Kinga yake ni nafasi.

Anayeanza kukimbia anunue viatu jioni, mguu ukiwa umetanuka. Iwe dukani au kwenye mitumba, avijaribu akiwa amesimama na amevaa soksi. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Kamba azikaze karibu na kifundo, kisigino kisicheze. Kucha azikate kwa mstari ulionyooka, bila kuchimba pembeni.

Ukucha ukishakuwa mweusi, usiung'oe. Ukitoa usaha, au kama una kisukari, nenda kituo cha afya mapema.

Kumbuka, msikilizaji: nafasi mbele ya kidole, kamba zilizokazwa, kucha fupi. Pima viatu vyako leo, kabla ya kukimbia tena.