Gari Dogo la Parokia: Tubadilishe Nini, Tuache Nini

(Mada iliyotolewa na mratibu wa usafiri katika semina ya kamati za parokia)



Nimeombwa nizungumzie magari. Gari jipya sitalizungumzia, maana halimo kwenye bajeti. Nitazungumzia hili tulilonalo, Suzuki Samurai aina ya SJ413, lenye injini ya cc 1324. Ni gari dogo. Likiwa tupu lina uzito wa karibu tani moja tu, na fundi wa kawaida anaweza kulifungua na kulifunga. Kwenye barabara ya changarawe halina neno. Shida huanza masika, udongo mweusi wa mbuga unapolowa.

Naomba nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita tulipewa matairi manne makubwa ya inchi 31. Yalikuwa mapya na ya bure, nami nikaona ni bahati. Tukakata bodi kidogo ili yaenee, tukayafunga, na kila mtu akasifu gari lilivyopendeza. Wiki ya tatu, tukipeleka chanjo kijijini, dereva alikwama kwenye korongo. Akakanyaga mafuta, na shafti ya ekseli ya nyuma ikakatika. Chanjo zile zilitakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Sentigredi. Barafu iliyeyuka kabla fundi hajafika. Akina mama waliokuwa wakisubiri tangu asubuhi walirudi nyumbani na watoto wao bila chanjo. Siku hiyo nilielewa kwamba cha bure nacho kina gharama, na kwamba anayeilipa si mimi.

Kwa nini shafti ilikatika? Tairi la kawaida la gari hili, 205/70R15, lina kipenyo cha milimita 668. La inchi 31 lina milimita 787 hivi, yaani limezidi kwa karibu asilimia 18. Injini ni ileile, breki ni zilezile, shafti ni zilezile, lakini kila moja inabeba kazi kubwa kuliko iliyopangiwa. Kwa hiyo leo napendekeza mambo machache tu, na kwa utaratibu huu.

Kwanza, matengenezo. Msinunue kitu chochote kabla gari halijakaguliwa. Fungueni nati ya difu mtazame oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, imwagwe yote. Angalieni klachi, breki, na vifungio vya magurudumu ya mbele, vile ambavyo dereva huvizungusha kwa mkono ili gari livute kwa magurudumu manne. Nimeona gari likisukumwa na watu kumi kumbe kifungio cha upande mmoja kimeshika kutu.

Pili, matairi. Hapa ndipo fedha kidogo huleta faida kubwa. Napendekeza 215/75R15, yenye meno ya wastani. Kipenyo chake ni milimita 703 hivi. Gari litapanda kwa milimita 17 chini ya difu, na ongezeko ni asilimia 5 tu, si 18. Bodi haikatwi, ila fundi ageuze usukani mpaka mwisho pande zote mbili ahakikishe tairi haligusi popote. Dereva naye ajue kwamba mshale ukionyesha kilomita 60 kwa saa, kwa kweli anakwenda 63.

Wengine watataka matairi ya tope yenye meno makubwa. Hayo ni mazuri kwenye tope, lakini gari letu hutembea zaidi kwenye changarawe na lami kuliko kwenye tope, na lami ikilowa meno hayo hayashiki breki vizuri.

Nunueni matano, si manne. Gari hili halina difu ya katikati. Tairi la akiba likiwa la ukubwa tofauti, ukatembea nalo huku umefunga magurudumu yote manne, gia za ndani zinabishana mpaka kitu kivunjike. Kwa sababu hiyohiyo, dereva asitumie magurudumu manne kwenye lami kavu.

Kabla ya kulipa, someni tarakimu nne za mwisho za msimbo ulioandikwa ubavuni mwa tairi. 3522 maana yake ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Tairi lililokaa stoo miaka mingi hupasuka hata kama lina meno mapya.

Mwisho wa hili, nunueni kipimo cha upepo na pampu. Kwenye tope au mchanga, kushusha upepo kutoka 26 hadi 18 kunaweza kuwatoa mahali ambapo mngelala. Ila mkitoka, jazeni tena. Tairi lenye upepo mdogo likikimbizwa linapata joto na kufa.

Tatu, gia. Nyuma ya giaboksi kuna boksi la pili, ambalo mafundi huliita transfa. Ndilo lenye gia nzito ya kupandia. Kwa Samurai, ukiweka gia ya kwanza na ile nzito, injini huzunguka kama mara 31 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ndugu yake wa zamani, SJ410 wa cc 970, ana gia nzito zaidi ndani ya transfa yake. Mafundi huchukua gia hizo wakaziingiza kwenye Samurai, na hesabu inafika 34. Gia ya kawaida nayo inakuwa nzito kwa asilimia 12, hivyo inarudisha nguvu iliyopotea kwa matairi na kubakiza akiba. Boksi zote mbili zilazwe mezani na kulinganishwa kabla fedha haijatolewa.

Zipo pia seti mpya za gia zenye uwiano wa 4.16 badala ya 2.27 ya kiwandani. Kwa hizo hesabu ni karibu 57. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, gari linakwenda kilomita 2.3 kwa saa badala ya 4.3. Linatambaa. Dereva hana haja ya kuchezea klachi wala kukimbilia korongo kwa kasi. Lakini nguvu hiyo ikikanyagwa kwa hasira hukata shafti vilevile. Parokia yenye vilima na mawe ifikirie seti hii. Yenye tambarare, gia za SJ410 zinatosha, na pengine hata hizo si lazima.

Nne, tuyaache. Kuinua springi kupita kiasi, winchi, taa za juu na bamba zito la mbele: hivi vinaongeza uzito kwenye gari ambalo sifa yake ni wepesi. Koleo, mbao mbili na kamba imara vinatosha.

Kwa wajumbe wa kamati: wekeni daftari ndani ya gari. Kila safari iandikwe, kila kukwama kuandikwe, pamoja na mahali na sababu. Baada ya masika moja mtajua kama tatizo ni tairi, gia au dereva.

Kwa wafadhili wetu: tunashukuru kwa kila mnachotuma. Ombi langu ni moja. Kabla ya kutuma kifaa, tuulizeni gari gani litakifunga. Matairi matano ya ukubwa sahihi na pampu moja vingewafikisha wale watoto kwenye chanjo yao.