Utayari wa Zahanati Kabla ya Mgonjwa wa Kwanza wa Kipindupindu

Kipindupindu husababishwa na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, anayeingia mwilini kwa maji au chakula kilichochafuliwa na kinyesi chenye vimelea. Dalili huanza saa chache hadi siku 5 baada ya maambukizi. Wengi hawaugui sana, lakini anayeugua vikali huharisha maji yanayofanana na yaliyooshewa mchele, hutapika, na anaweza kufariki siku hiyohiyo. Wagonjwa mahututi wasipotibiwa, hadi nusu yao hufa. Wakitibiwa mapema na ipasavyo, vifo hushuka chini ya asilimia 1. Tofauti yote hiyo inatokana hasa na kurudisha maji na chumvi mwilini, kazi ambayo zahanati ya kijiji inaimudu ikiwa imejiandaa.

Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea karibu mikoa yote ya Tanzania Bara na kufika Zanzibar. Kufikia 2018 watu zaidi ya 30,000 walikuwa wameugua na zaidi ya 500 wamefariki. Kambi za kipindupindu huokoa wengi, lakini kambi hufunguliwa mlipuko ukishajulikana. Mgonjwa wa kwanza hufikishwa zahanati, pengine usiku wa mvua, akiwa amepakatwa kwenye bodaboda, na anayemfungulia mlango ni muuguzi mmoja. Utayari unapaswa kupimwa kwa kilichomo kabatini usiku huo, si kwa mpango uliohifadhiwa kwenye faili la wilaya.

Mtu mzima wa kilo 50 aliyeishiwa maji kabisa anahitaji mililita 100 za dripu ya Ringer Lactate kwa kila kilo ya uzito, yaani lita 5 ndani ya saa 3: lita moja na nusu katika nusu saa ya kwanza, zilizobaki katika saa mbili na nusu zinazofuata. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja hupewa kiwango hichohicho kwa kilo, ila kwa saa 6. Zahanati yenye chupa kumi za nusu lita imemaliza akiba yake kwa mtu mmoja, naye bado anaendelea kuharisha. Dripu ya glukosi tupu haifai, kwa kuwa hairudishi chumvi. Kumpa mgonjwa wa hali hiyo rufaa bila dripu ni kumwacha afie njiani.

Vifaa peke yake havitoshi. Ngozi ya tumbo ikifinywa na kurudi polepole sana, macho yakididimia, mapigo ya kifundo cha mkono yakawa hayashikiki, muuguzi anapaswa kutambua papo hapo, na aweze kupata mshipa uliosinyaa. Stadi hiyo hupotea isipofanyiwa mazoezi. Kati ya wagonjwa kumi, takriban wanane hupona kwa kunywa ORS, mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, hivyo pakiti zake, majagi na vikombe ni muhimu kuliko dawa yoyote ya kuua bakteria. Doksisaiklini hufupisha ugonjwa. Haichukui nafasi ya maji.

Maji ya kituo ndiyo udhaifu unaosahaulika zaidi. Mgonjwa mmoja anakadiriwa kuhitaji lita 60 kwa siku kwa kunywa, kuoga, kufua na usafi. Wagonjwa kumi wanamaliza zaidi ya nusu ya simtanki la lita 1,000 kila siku. Klorini nayo ina vipimo: asilimia 0.05 kwa mikono, 0.2 kwa sakafu na vitanda, 2 kwa matapishi, kinyesi na maiti. Kwa unga wenye nguvu ya asilimia 70, vijiko viwili vya chakula katika lita 10 hutoa ile ya sakafu. Mchanganyiko hutengenezwa upya kila siku, na jedwali la vipimo libandikwe ukutani, kwa sababu anayechanganya mara nyingi ni mhudumu wa usafi ambaye hajawahi kuitwa kwenye semina. Kitanda chenye tundu, chenye ndoo moja chini na nyingine pembeni, fundi wa kijijini anaweza kukitengeneza mapema.

Taarifa ya mgonjwa anayeshukiwa humfikia mganga mkuu wa wilaya ndani ya saa 24. Sampuli huchukuliwa kabla ya antibayotiki, lakini matibabu hayasubiri majibu ya maabara.

Nje ya kituo, mhudumu wa afya ngazi ya jamii aliyekabidhiwa pakiti za ORS huwezesha mgonjwa kuanza kunywa akiwa nyumbani na kuendelea njiani. Familia nyingi huwaficha wagonjwa kwa kuogopa kambi na maziko yanayosimamiwa na maofisa wa afya. Mazungumzo na viongozi wa vitongoji, misikiti na makanisa kuhusu jinsi maiti inavyoweza kuoshwa na kuzikwa kwa heshima na usalama yafanyike wakati hakuna msiba.