Jina la Mahali Litangulie

Hapa Nyawera, mjini Bukavu, ndipo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa alipouawa tarehe 29 Oktoba 1996. Vita vilivyoingia mjini siku zile waanzilishi wake waliviita vya ukombozi. Agosti 1998 kundi la waasi la RCD likadai linasahihisha makosa ya ukombozi huohuo. Serikali ya Kinshasa ikasema ni uvamizi. Maneno yote matatu yanatangaza madai ya mwenye bunduki au mwenye serikali, na hakuna hata moja linalomtaja aliyekufa. Wananchi wa Kivu ya Kusini wamefuata njia nyingine, ya kutaja mahali watu walipouawa: husema Lemera, Kasika, Makobola. Mtu wa Mwenga akisikia “Kasika” hahitaji maelezo. Anakumbuka parokia, anamkumbuka chifu wake, Mwami Mubeza, anakumbuka Agosti 1998. Naamini jina hilo la mahali ndilo litangulie, na majina makubwa yasimame juu yake.

Majina makubwa yana mipaka yake. Mwanasheria Lemkin aliunda neno jenosidi mwaka 1944, na mkataba wa 1948 ukalifunga kwenye nia ya kuangamiza kundi la taifa, kabila, rangi au dini. Kiswahili kikasema “mauaji ya kimbari”, na mbari ni ukoo: neno linauliza nasaba ya marehemu kabla ya kuuliza yaliyomfika. Warundi huyaita mauaji ya 1972 ikiza, yaani janga, kana kwamba hayakuwa na mkono wa mtu. Wanyarwanda, kinyume chake, waliongeza kwenye jenoside maneno yakorewe Abatutsi, ili jina limtaje aliyetendewa. Sisi Wakongo tuna Genocost, inayokumbukwa kila tarehe 2 Agosti na kutambuliwa na sheria ya Desemba 2022. Neno hili lina ujasiri, kwa kuwa linaunganisha kifo na faida ya madini. Lakini je, linawapokea wakimbizi Wahutu waliouawa Shabunda mwaka 1997? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 ilisema baadhi ya mashambulizi dhidi ya wakimbizi hao yangeweza kuitwa jenosidi iwapo yangethibitishwa mahakamani. Jina “Shabunda” linawapokea bila kuwauliza kabila.

Wanasheria watasema kijiji si kosa la jinai, na hakimu hawezi kumhukumu mtu kwa jina la mlima. Ni kweli. Hata hivyo ripoti hiyohiyo ilikusanya matukio 617, kuanzia Machi 1993 hadi Juni 2003, kwa kutaja mahali na wakati kwanza. Uzito wa kisheria ulipimwa baadaye. Wengine watasema dunia haisikii vijiji, inasikia jenosidi. Nalikubali hilo kwa uchungu, lakini jina kubwa lisilo na Makobola ndani yake ni rahisi kukanushwa. Pingamizi linalonisumbua zaidi ni la mtoto anayezaliwa Kasika leo: je, kwao kuitwe kaburi milele? Kwa ajili yake tarehe isiachwe kamwe. Tuseme Kasika ya 24 Agosti 1998, ili Kasika ya leo ibaki ya wenye kuishi.

Tena tuichunge sarufi yetu. “Watu waliuawa” ni sentensi kamili katika Kiswahili, nayo humruhusu muuaji apite. Kwenye kila orodha ya wafu tuandike “waliuawa na”, kisha tuache nafasi wazi pale ambapo hakuna mahakama iliyokwisha kuijaza.