NCHI JIRANI: Mkimbizi wa Burundi na Askari Anayempokea



Mkimbizi avukapo mpaka kutoka Burundi, mtu wa kwanza kumkabili katika ardhi yetu si mganga wala mgawaji wa chakula. Ni askari. Wapo wasemao kwamba mila za wageni ni shughuli ya wasomi wa vyuo vikuu, na kwamba kazi ya askari ni usalama tu. Usemi huo una kasoro kubwa. Askari asiyejua azungumzaye naye ametoka katika maisha ya namna gani hawezi kumtenga mwongo na mkweli, na usalama wenyewe huanzia hapo.

Tuanze na mwaka 1972. Uasi ulizuka kusini mwa Burundi mwishoni mwa Aprili, na baada yake jeshi la nchi ile, likishirikiana na vijana wa chama kilichotawala, liliwaua Wahutu kwa wingi, hasa waliosoma: walimu, wanafunzi, makarani, hata askari wenzao. Makadirio ya waliokufa huanzia 100,000 na kupanda. Lakini linalotuhusu leo ni namna ilivyotendeka. Watu waliitwa kwa majina kutoka katika orodha, wakapandishwa malori, wala hawakuonekana tena. Basi fikirini askari wetu asimamapo alfajiri mbele ya watu waliolala njiani, orodha mkononi, lori nyuma yake, akaanza kuita majina kwa sauti ya gwaride. Nia yake ni kuwafikisha kambini. Lakini mzee aliyeikumbuka 1972, au mtoto aliyesimuliwa, ataliona lori lile kwa macho mengine, na akikimbilia porini si lazima awe mhalifu. Dakika tano za kueleza lori linakwenda wapi, na nani atapanda pamoja na nani, huepusha msako wa siku nzima.

Wala tusidhani kwamba hofu hiyo ni ya kabila moja. Mwaka 1993, Rais Melchior Ndadaye alipouawa na wanajeshi mwezi wa Oktoba, Watutsi wengi waliuawa vilimani, na jeshi nalo likawaua Wahutu. Hivyo katika foleni moja yaweza kuwapo watu wanaoogopana wao kwa wao, ingawa wote wanasema Kirundi kile kile. Kumwuliza mtu kabila lake mbele ya umati ni kumweka hatarini. Aulizwe faraghani, kama kuna haja.

Sasa jambo la majina, ambalo limewapotosha wengi. Kwa desturi ya Warundi, mtoto hapewi jina la baba yake. Kila mtoto huzaliwa na kupata jina lake mwenyewe, na mengi ya majina hayo humtaja Mungu au hueleza hali ya wazazi siku zile. Baba aweza kuitwa Hakizimana, mwana Niyonzima, na binti jina jingine kabisa. Askari aliyezoea majina yetu ya baba na babu atasema: huyu si mwanao, umemwiba. Kwa kosa hilo familia yaweza kutenganishwa mezani, na kuikusanya tena ni kazi ya miezi. Waulizeni watoto wenyewe, kila mmoja peke yake: nani alikubeba njiani, bibi yenu anaitwaje. Majibu yakipatana, mna familia mbele yenu.

Liko pia suala la kunyamaza. Katika malezi ya Kirundi kijana hasemi kabla ya mkubwa wake, na mtu mwenye adabu hupima maneno mbele ya mwenye mamlaka. Polisi aliyefundishwa kwamba anayekwepa macho anaficha kitu ataandika taarifa ya uongo bila kukusudia. Tena wana wazee wao wa usuluhishi, Bashingantahe, wanaochaguliwa kwa uadilifu, ambao fimbo yao, intahe, hupigwa chini wakati wa kuamua shauri. Ugomvi wa kuni au wa maji kambini mara nyingi waweza kumalizwa na wazee wa namna hiyo kabla haujafika kituoni. Makosa ya jinai, bila shaka, yabaki mikononi mwa polisi.

Kuhusu makazi, Mrundi wa kale hakujua kijiji. Kila kaya ilikaa kilimani pake, katikati ya migomba yake. Watu hao ndio waliofikia Ulyankulu, Katumba na baadaye Mishamo, nchi ya misitu na tambarare. Waliifyeka na wakailima. Mtaalamu Liisa Malkki, aliyefanya utafiti katika miaka ya 1980, alionyesha kwamba waliokaa Mishamo waliushikilia Uhutu wao kwa nguvu, ilhali wenzao wa mjini Kigoma walijichanganya na wenyeji. Kiha na Kirundi ni ndugu wa karibu mno, na hapo pana msaada wa bure: askari aliyezaliwa Kasulu au Kibondo ni mkalimani asiyehitaji posho.

Mkataba wa nchi huru za Afrika wa mwaka 1969 unasema kumpa mtu hifadhi ni tendo la amani, wala lisihesabiwe kuwa uadui na nchi yoyote. Mkataba huo huo unataka wakimbizi wawekwe mbali kiasi na mpaka, kwa ajili ya usalama. Mkimbizi aliyeelezwa sababu hiyo atakubali kuondoka mpakani. Asiyeelezwa atadhani anafukuzwa.

Mwaka 2007 Serikali yetu iliwapa watu wa 1972 hiari ya kurudi au kuomba uraia. Kwa jumla walikuwa kama 218,000, na wanne katika kila watano walichagua Tanzania. Mwaka 2010 watu wapatao 162,000 walikubaliwa, na vyeti vyenyewe vikaanza kutolewa mwaka 2014. Kwa hiyo Mtanzania mwenye jina la Kirundi akisimamishwa leo katika kizuizi cha barabara, na cheti chake kimo mfukoni, asiulizwe atarudi kwao lini.