Majani ya Nepia na Mbegu Tunazopeana
(Hotuba ya Katibu mbele ya wanachama, sikukuu ya miaka 10 ya Chama Kikuu)



Waliotutangulia kusema wametaja maziwa na bei ya maziwa. Sisi tumepewa kusema juu ya kitu kinachotangulia maziwa, nacho ni majani.

Nepia si mgeni katika Afrika. Ni mmea wa bara letu, na wengine huuita matete au majani ya tembo. Jina la Nepia lilitokana na Kanali Napier wa Bulawayo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwahimiza wakuu wa kilimo wa Rhodesia wayajaribu majani haya kuwa malisho. Tembo, tunafikiri, alikuwa amekwisha kuyajaribu.

Kuyapanda si kazi ngumu. Kata shina lililokomaa, kila kipande kiwe na macho 3. Macho 2 yafukiwe, moja libaki juu, na kipande kilale kidogo upande. Mstari na mstari futi 3, mche na mche futi 1 na nusu. Penye mvua haba, futi 3 kila upande. Mwenye shamba dogo afuate njia ya tumbukiza, iliyoenea sana magharibi mwa Kenya. Huchimbwa shimo la kina cha futi 2 na upana wa futi 2 hadi 3, likajazwa udongo wa juu debe 1 kwa samadi madebe 2, ila nusu futi ya juu huachwa wazi ili ikinge maji. Humo hutiwa vipande 5 hadi 10. Jasho ni la siku ya kwanza tu, na wakati wa kiangazi shimo hilo huwa bado kijani.

Mvuno wa kwanza ni baada ya miezi 3 au 4, majani yakifika futi 3 au zaidi kidogo. Kisha kila wiki 6 hadi 8. Anayengoja yampite kichwa ili apate mzigo mkubwa amelijaza zizi lake miti. Na samadi hairudishwi mara moja tu: kila tukatapo tumeondoa chakula cha udongo, na udongo haukopeshi daima. Ng'ombe mkubwa wa maziwa huweza kula kilo 70 za majani mabichi kwa siku. Mwenye eka 1 ya nepia na ng'ombe 3 hana haja ya kuuliza maziwa yamekwenda wapi.

Sasa tufike kwenye neno lililoleta manung'uniko. Katika miaka ya 1990 maradhi ya udumavu wa nepia yalionekana huko Bungoma, na tangu hapo yameenea. Mara nyingi hayajionyeshi mpaka shamba limekatwa: machipukizi huja mafupi, ya manjano, yenye majani membamba, na hatimaye shina hufa. Huenezwa na kidudu kirukacho kifyonzacho utomvu. Lakini kidudu hicho hakibebi gunia. Anayebeba gunia ni sisi, jirani akiomba mbegu naye akapewa kwa moyo mweupe. Ipo pia aina iitwayo Kakamega 1, inayostahimili maradhi yale mengine ya kichwa cheusi kama masizi. Kustahimili hayo si kustahimili udumavu, na mtu asidanganywe sokoni.

Udumavu hauna dawa ya kunyunyiza. Shina lililougua ling'olewe pamoja na mizizi yake na kuchomwa. Tunajua kwamba ni vigumu kumwambia mama mwenye ng'ombe mmoja ang'oe majani ambayo bado yana rangi ya kijani, tena kiangazi kimekaribia. Hatumlaumu akinuna. Lakini tukimwachia yeye, tumewanyima majirani zake wote. Kwa hiyo Halmashauri imekubali kwamba atakayeng'oa atangulizwe katika kugawiwa mbegu safi, na kwamba wenzake wa chama cha msingi wamsaidie malisho hadi avune. Papo alipong'oa apande viazi vitamu, ambavyo marando yake ng'ombe huyala vizuri.

Mbegu za kitalu cha Chama Kikuu zitatolewa mvua zikianza. Mkaguzi atapita kwanza katika shamba la kila mwombaji. Tunaomba apewe njia, na mbwa wafungwe.