Kwanza Yesu, Kisha Wimbo

(Mafundisho yaliyotolewa na kwaya kanisani, jioni ya kuamkia Jubilei ya Miaka 25)



Tuliombwa tuseme historia ya kwaya. Historia hiyo mtaisoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki: mwaka wa kwanza tulipoimba kwa kayamba na ngoma moja ya kuazima, kinanda kilichopatikana kwa harambee, na sare tulizobadilisha mara kwa mara (ile ya rangi ya machungwa tunaomba isitajwe tena). Jioni hii tuna jambo lisiloonekana kwenye picha. Tunataka kujiuliza mbele yenu kama huyu Mwokozi tuliyemwimbia muda wote huu tunamjua.

Ukimuuliza mtu wa hapa kwetu kama anamjua fulani wa Karatina, atakujibu upesi: namjua, ana duka karibu na soko. Muulize sasa mama yake huyo fulani anaumwa nini, au ni jambo gani linalomnyima usingizi. Hajui. Anachokijua ni duka. Nasi tulimjua Yesu namna hiyo. Tulijua nyimbo zake za Majilio, za Noeli, za Kwaresima na za Pasaka. Ukituamsha usiku wa manane tungekuimbia Utukufu kwa sauti nne bila karatasi. Katika Injili ya Mathayo, Bwana anasema wako watakaomjia siku ile wakihesabu kazi walizofanya kwa jina lake, naye atawaambia kwamba hakuwajua kamwe. Somo hilo lilisomwa mara nyingi katika kanisa hili, nasi tukiwa pale pembeni tunanong'onezana ni wimbo gani wa matoleo.

Tunalazimika kuwasimulia jambo la aibu. Mama anayehusika ametupa ruhusa.

Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa tunajiandaa kwa mashindano ya kwaya. Mazoezi yalikuwa Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, na aliyekosa mara mbili alitozwa faini. Mmoja wetu wa sauti ya besi akaugua, akalazwa. Tulimwombea kila mwisho wa mazoezi. Tulichanga shilingi 1,850, tukazituma kwa M-Pesa. Lakini kwenda kumwona, hapana. Kila mtu alidhani mwenzake ameenda, na siku za kwenda ndizo zilikuwa siku za mazoezi. Majuma matatu yakapita. Tukashiriki mashindano, tukawa wa pili, tukarudi tukiimba ndani ya matatu kutoka mjini mpaka nyumbani. Jumatano iliyofuata tukasikia amefariki.

Kwenye maziko tuliimba kama hatujawahi kuimba. Watu walilia. Tulipomaliza, mama yake alikuja tuliposimama, akatushika mikono mmoja mmoja, akasema: "Wanangu, mnaimba vizuri sana. Kila Jumamosi aliniuliza kama mmekuja."

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira.

Baada ya hapo kwaya karibu ivunjike. Wengine waliona mwenyekiti ndiye wa kulaumiwa, wengine mwalimu wa kwaya, wengine wakaacha kuja. Baba Paroko wa wakati huo hakutugombeza. Alituambia tufunge safari, twende Gikondi.

Gikondi iko Mukurweini, na wengi wenu mnaijua. Hapo ndipo alipofanya kazi Mwenye Heri Irene Stefani, ambaye wazee wetu walimwita Nyaatha, yaani mwenye huruma. Alizaliwa Anfo, Italia, mwaka 1891, akawa sista wa Consolata, akafika Kenya mwaka 1915. Hiyo ilikuwa Vita Kuu ya Kwanza. Vijana wa milima hii walichukuliwa kwa maelfu kuwa wapagazi wa jeshi la Waingereza, lile kundi ambalo jina lake limebaki Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam. Walikufa kwa kuhara, kwa malaria na kwa uchovu kuliko kwa risasi. Sista Irene aliwauguza katika hospitali za Voi, Kilwa, Lindi na Dar es Salaam, mahali ambapo mgonjwa wa kwetu hakuwa na mtu wa kumwita kwa jina.

Vita vilipokwisha alihamia Gikondi mwaka 1920, akakaa huko miaka kumi. Alifundisha shule na katekisimu, akatembea. Anayeijua Mukurweini anajua kutembea huko ni nini: unashuka mpaka mtoni, unapanda mgongo wa kilima, unakuta mto mwingine. Aliwaandikia barua wazazi ambao watoto wao walikuwa wamekwenda kutafuta kazi Nairobi na Mombasa, na majibu yakija aliwasomea. Mwezi Oktoba 1930 mwalimu mmoja alishikwa na tauni. Simulizi husema mwalimu huyo hakuwa akimtakia mema. Sista alikwenda kumhudumia, akaambukizwa, akafa tarehe 31 Oktoba akiwa na umri wa miaka 39. Tarehe 23 Mei 2015, hapa Nyeri, Kardinali Polycarp Pengo alimtangaza Mwenye Heri kwa niaba ya Papa Francis. Baadhi yetu tulikuwepo siku hiyo, tumesimama tangu alfajiri, tumevaa sare mpya. Tuliimba habari zake tukarudi nyumbani, kumbe hatukumsikia.

Tulipofika Gikondi ndipo tulipouliza swali ambalo tungeuliza zamani. Huyu sista alikuwa na sala zake, kanuni za shirika lake, ratiba yake. Mgonjwa alipoitisha, aliona anayeitisha ni nani? Tunaamini alimwona Yule aliyesema kwamba alikuwa mgonjwa, wakamtazama. Alimjua kwa sababu alimzoea, na alimzoea kwa kumwendea. Mtakatifu Paulo, akiwaandikia Wafilipi, anasema mambo yote aliyojivunia aliyaona hasara kwa ajili ya kumjua Kristo. Sisi tulikuwa na kikombe cha nafasi ya pili kabatini, na hatukuwa tayari kukiita hasara.

Hapa tuseme wazi, maana kuna watu hukosea. Kumpa Yesu nafasi ya kwanza si kuhamia kanisani. Wapo miongoni mwetu waliokimbilia mazoezi ili wasikae nyumbani, na waume na wake zao wameketi hapo nyuma wanatutazama. Mama anayemlisha mkwe wake asiyejiweza Jumamosi nzima, asifike mazoezini, tulimtoza faini. Huyo ndiye aliyekuwa na Yesu siku hiyo, na faini yake tumemrudishia. Wakati wa kuchuma kahawa wengi huja wamechoka, wengine hawaji kabisa. Hatuulizi tena kwa ukali. Tunauliza kama kuna shida.

Hatujawa watakatifu. Mwezi uliopita tu tuligombana kuhusu nani ataimba peke yake kesho, na ugomvi huo ulikesha kwenye kundi la WhatsApp. Lakini sasa mazoezi huanza kwa kusoma Injili ya Jumapili na kukaa kimya dakika kumi. Mwanzoni kimya hicho kilitusumbua. Watu walikohoa, wakatazama simu. Siku hizi kuna wanaokuja kwa ajili ya kimya kuliko wimbo. Na Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi hakuna mazoezi. Tunagawanyika wanne wanne, tunakwenda kwa wagonjwa.

Yule mama tunamtembelea bado. Sasa haoni vizuri, lakini anatutambua kwa sauti. Huwa hataki tuimbe kwanza. Anataka tukae, tunywe chai, tumweleze habari za nyumbani kwetu. Akisharidhika, anatuambia tuanze ule wimbo mwanawe aliupenda, na anashika besi yeye mwenyewe, chini kabisa, bila aibu.

Jumamosi ijayo ni zamu yake. Wanaotaka kufuatana nasi tukutane langoni saa nane mchana. Hatutavaa sare.